Kujinyofoa ngozi: tiba ya ana kwa ana na tiba ya simu, nilivyoziona mimi

Kamwene wapendwa. Leo naandika kuhusu kitu ambacho wengi wenye nacho hawajawahi kukisema hata kwa mama zao, nacho ni kujinyofoa ngozi. Sio kutumbua chunusi moja siku ya kuamkia harusi, hiyo kila mtu anafanya. Naongelea ile hali mkono unapanda wenyewe shingoni, vidole vinapapasa vinatafuta kapele, vikikapata vinachokonoa mpaka damu, halafu kesho yake kigaga kikianza kukauka unakibandua, kikija kingine unabandua tena, mpaka kidonda ambacho kingepona ndani ya wiki kinakaa miezi. Unasema basi leo mwisho, na unamaanisha kabisa, halafu usiku unajikuta umesimama mbele ya kioo, miguu imekufa ganzi kwa baridi na hujui muda umeendaje.

Mi naishi Mafinga, nafanya hesabu za wafanyabiashara wa mbao, na hali hii ninayo tangu sekondari. Nimetibiwa kwa njia mbili. Kwanza ana kwa ana Iringa mjini na mama mmoja mshauri wa saikolojia, baadaye kwa vidio na mwanasaikolojia aliyeko Dar. Tangu nilipowaambia watu wachache wa karibu swali ninaloulizwa ni hilohilo, hivi ile ya simu inasaidia kweli au ni kumaliza bando tu? Nimeona nijibu kwa urefu maana sikubaliani kabisa na wanaosema ya simu ni ya yule asiye na nauli, kana kwamba ni mabaki. Kwa ugonjwa huu hasa, mi naona kuna sehemu simu inafika ambapo ofisi haifiki, na kuna sehemu ofisi inafanya kazi ambayo skrini haiwezi.

Tuelewane kwanza kwamba ni ugonjwa unaotambulika. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliupa nafasi yake peke yake kwenye toleo la tano la mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 2013, ukakaa kundi moja na ule wa kuwaza na kurudiarudia vitu kwa kulazimika na ule wa kujing'oa nywele. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika 2022. Nchi zilizojaribu kupima, makadirio mengi yanaangukia kati ya mtu 1 na watu 5 kwa kila 100. Sasa fikiria ibada moja ya Jumapili kanisa limejaa, au bweni zima la wasichana, wamo humo, wako chini ya masweta. Na huku kwetu sweta linaficha sana jamani, Juni na Julai hakuna wa kukuuliza kwanini umevaa mikono mirefu, mtu anaweza kukaa na vidonda mabegani mwaka mzima asijue hata anayelala naye chumba kimoja.

Mi nimeambiwa ni mkanda wa jeshi, nimeambiwa ni damu chafu, nimeambiwa kuna mtu kanitupia kitu, nimeombewa na nimepakwa mafuta. Sina ugomvi na maombi, naomba mpaka leo. Ila kauli iliyoniumiza kuliko zote ni ile fupi ya "si uache tu", kwasababu anayeisema anadhani hujawahi kujaribu.

Sasa tiba. Hapa naomba msome polepole kidogo maana bila kuelewa hii huwezi kulinganisha chochote. Tiba ya mazungumzo inayotumika zaidi kwa hali hii ina mzizi kwenye kazi ya wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, waliyoichapisha 1973, ya kugeuza mazoea. Haianzii kwenye utoto wako wala haikuulizi baba yako alikulea vipi, inaanzia kwenye mkono. Unafundishwa kwanza kuushtukia, yaani kujua safari nzima ya ule mkono kabla haujafika kwenye ngozi, wapi unaanzia, ukiwa umekaa vipi, ukiwa unawaza nini. Wengi tunajinyofoa kwa namna mbili, kuna ile ya kutojua kabisa, upo kwenye tamthilia au kwenye mahesabu unashtukia damu kwenye kucha, na kuna ile ya makusudi kabisa mbele ya kioo, umedhamiria, unatafuta. Kila moja ina dawa yake. Kisha unafundishwa kitu kingine cha kuupa mkono wakati hamu imepanda, kukunja ngumi, kukalia viganja, kushika kitu, unakaa hivo dakika moja au zaidi mpaka hamu ishuke, maana hamu inapanda na inashuka yenyewe ukiipa muda, hilo nilikuwa silijui kabisa, nilidhani isipotimizwa itaendelea kupanda mpaka nipasuke. Halafu unabadilisha mazingira, kioo, taa, kucha, kibanio cha nyusi, na unamshirikisha mtu mmoja wa nyumbani.

Mkono na mazingira. Shikeni hayo mawili.

Iringa nilienda kwa basi, na kutoka Mafinga ni kilomita kama 80 hivi, sio mbali kwa ramani lakini ukiomba ruhusa kazini, usubiri basi lijae, ushuke upande bajaji, usubiri zamu yako, urudi, siku imeisha. Na ile safari yenyewe, umekaa dirishani huna kazi, mkono uko huru, kwa mtu mwenye hali yangu ni kishawishi tosha. Nilikuwa nafika kwa mshauri nikiwa na kidonda kipya nilichokitengeneza njiani.

Ila yule mama. Sijui nimwelezeje. Siku ya kwanza nimeingia, shikamoo mama, marahaba mwanangu karibu kaa, nikaanza kueleza kwa kuzungukazunguka kwamba nina shida ya ngozi, na kazini kuna presha, na usingizi hauji vizuri. Akanisikiliza muda mrefu. Halafu kwa sauti ileile ya kawaida akaniuliza, "Mkono wako wa kushoto uko wapi sasa hivi?" Ulikuwa nyuma ya sikio unabandua. Sikuwa nimejua. Hakunishika, hakunikemea, aliuliza tu, na kikao kile aliuliza tena na tena kila mkono ulipopanda, mpaka mwishoni nikawa naushtukia ukiwa bado uko begani. Hiyo ndo hatua ya kwanza ya tiba nzima na niliipata kwasababu kuna mtu alikuwa amekaa mbele yangu akiniona mwili mzima, kuanzia utosini mpaka magotini.

Na kuna jambo la pili. Siku nilipokunja mikono ya sweta nikamwonesha, aliangalia. Aliangalia kama mtu anavyoangalia mkono wa mtu, hakukunja uso, akaniuliza hiki kinauma, hiki ni cha lini, akaniambia hiki nenda wakakisafishe hospitali leo hii usirudi nacho nyumbani. Aibu ya ugonjwa huu ni nzito kuliko vidonda vyenyewe, na sidhani kuna kitu kinaipunguza haraka kuliko mtu mzima, aliye hai, aliyeko chumba kimoja na wewe, kuiona ngozi yako na kuendelea kuongea na wewe kama kawaida. Kwenye simu ningeweza kuficha. Najua hivo kwasababu nilipoanza vikao vya vidio nilikuwa najikuta nageuza upande wa uso uliotulia, nakaa dirisha likiwa nyuma yangu nionekane giza, na hakuna aliyeniambia nifanye hivo, mwili wenyewe ulijua.

Kwanini basi nilihamia kwenye simu? Kwanza kazi, siku nzima kila safari haikuwezekana tena. Pili, na hii ndo sababu kubwa, tulifika mahali pa kukwama. Ofisini kwa mama nilikuwa najua kila kitu, nakunja ngumi vizuri, naeleza vizuri, narudi nyumbani kioo kinanishinda. Ofisi yake haikuwa na kioo changu. Haikuwa na ile balbu nyeupe kali niliyoifunga juu ya kioo, haikuwa na kile kistuli, haikuwa na saa tatu usiku baada ya kuoga maji ya moto ngozi ikiwa laini. Kumfundisha mtu kushinda kioo chake akiwa Iringa ni kama kumfundisha kupika ugali akiwa amekaa sebuleni kwa watu.

Yule wa Dar ni kijana, labda tumelingana umri, ananiita dada na mi namwita dokta. Kikao cha mwanzo mwanzo tu akaniambia, dada naomba ugeuze simu unioneshe hapo unaposimamaga. Nikamwonesha. Akauliza taa ikoje ukiwasha, nikawasha. Akaniomba nisimame kama ninavyosimamaga na kunyoosha mkono, nikawa naweza kufikia kioo, swichi na kibanio bila kusogea hata hatua moja, mwenyewe sikuwahi kuona kwamba nimejipangia kituo kamili cha kujiumiza. Tukakipangua palepale yeye akiwa anaangalia. Balbu kali ikatoka ikaingia yenye mwanga hafifu wa njano, kioo kikahama kikaenda ukuta ambao taa haifiki vizuri, mchana kinafunikwa na kanga, kibanio kikaenda kukaa kwa dada yangu, nikitaka kutoa nyusi naenda kwake. Kazi ya jioni moja, na mi nilikuwa nimeishi na kile kituo miaka.

Halafu kuna kitu tulifanya ambacho nadhani kisingewezekana ofisini kwa mtu yeyote. Kujinyofoa kwangu kwa kutojua kunatokea zaidi nikiwa nafunga hesabu za mwezi, risiti zimejaa mezani, namba hazikubali kulingana. Akasema basi tufanye kikao muda huohuo wa hesabu. Nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, kamera ikaelekea mikononi na sio usoni, nikaanza kazi yangu, yeye kimya kabisa upande wa pili. Mkono ukinyanyuka kwenda shingoni anasema neno moja tu, "mkono". Tukakaa hivo, mi najumlisha mbao za watu, yeye anaangalia. Nilijifunza siku ile kwamba mkono wangu unapanda kila ninapokutana na risiti isiyosomeka, hiyo ndo cheche, kushindwa kuelewa kitu kidogo mbele ya macho. Sasa hivi risiti ya aina hiyo naiweka pembeni kwenye boksi lake na nashika kitambaa nilichofunga kwenye kiti. Sijui kama ningewahi kuligundua hilo kwa kusimulia.

Kwahiyo ukiniuliza mi, kwa upande wa mazingira simu inashinda na inashinda kwa mbali.

Lakini simu ina mitego yake na hii hamtaambiwa na wengi. Mtego wa kwanza ni sura yako mwenyewe. Ukipiga vidio sura yako inakaa pale kwenye kona, na kwa mtu anayejinyofoa uso hicho ni kioo, tena kioo ambacho umeambiwa ukae mbele yake karibu saa nzima. Nilikuwa simsikilizi dokta, nakagua kidevu changu. Programu nyingi za mikutano ya vidio zina sehemu ya kuficha picha yako usiione wewe huku mwenzako anaendelea kukuona, itafuteni kabla ya kikao, na kama simu yako haina hiyo basi bandika kipande cha karatasi kwenye ile kona. Nilibandika plasta na ilitosha.

Mtego wa pili, mikono haionekani. Simu ikikaa karibu inachukua uso na mabega tu, chini ya meza mkono unafanya kazi yake na mtaalamu hana habari, mnaweza kwenda wiki kadhaa anakusifia maendeleo huku mapaja yana vidonda vipya. Simu irudi nyuma, mikono ionekane muda wote. Kama ni ya sauti tu, shika kitu kwa mikono yote miwili. Mi nafuma. Nilikuwa najua kufuma masweta tangu shule, nikarudia, na jirani yangu mmoja anayesuka vikapu vya milulu, hivi vikapu vya Iringa mnavyoviona vinauzwa mpaka Dar, amenifundisha kuanza kitako, bado mduara wangu unapinda lakini vidole vinapata ile kazi ya kupapasa na kuvuta vinayoitamani. Kuchambua maharage kwangu hakukufaa, kuokota vitu vidogo vidogo kuliamsha hamu badala ya kuilaza, mwenzangu mmoja kwake kunamtuliza kabisa, kwahiyo jaribu uone.

Mtego wa tatu ni faragha, na hapa ndo naona watu wanaoishi kwenye nyumba kubwa hawatuelewi. Chumba cha kupanga, ukuta haujafika juu, dari hakuna, jirani akikohoa unamjibu pole. Utasemaje pale kwamba jana ulijinyofoa kifuani mpaka shuka likachafuka? Ofisi ya Iringa ilikuwa na mlango unaofungwa na mtu wa kunipa kitambaa nikilia, na kwa hilo bado naikumbuka. Nilichofanya mimi ni vipokea sauti vya masikioni, redio ikiwashwa karibu na mlango, na maneno mazito nayaandika kwa meseji wakati tunaendelea kuonana, yeye anasoma anajibu kwa maneno yasiyotaja kitu. Masika mvua ikipiga kwenye bati hamsikilizani kabisa, siku hizo tunaandikiana kikao kizima. Kuna rafiki yangu mwalimu yeye anafanya vikao kwenye gari la kaka yake lililopaki uani, vioo juu, na anasema ni mahali pekee ambapo hakuna mtoto anamwita. Upande wa pili wa hilohilo, mji wetu mdogo, ukikaa kwenye benchi la kitengo cha afya ya akili kufika jioni mama mkwe keshapata habari, na kwa watu wa namna hiyo simu ndo iliyowafanya wakaanza kutibiwa, bila simu wasingeenda popote. Kwahiyo faragha mi siwezi kusema nani anashinda, inategemea unamwogopa nani zaidi, jirani wa ukutani au watu wa njiani.

Kuhusu picha. Mtaalamu anaweza kukuomba picha ya kidonda ili kufuatilia, ni kawaida, ila muulize kwanza anazihifadhi wapi, nani mwingine anashika ile simu, atazifuta lini. Na simu yako wewe, kama watoto wanaichezea, usiziache zimekaa kwenye galari. Mi niliacha kabisa kupiga picha kwasababu kila picha ilikuwa inanirudisha kuzikuza na kukagua, tukakubaliana na dokta niandike tu kwenye daftari, saa ngapi, wapi, nilikuwa najisikiaje, mkono gani, na usiku wa kikao nampigia picha ule ukurasa.

Mtandao sitausema sana, mnaujua. Mafinga mjini unakubali, ukiingia ndani Mufindi huko kwenye chai na misitu unakuja na kuondoka, na umeme ukikatika mnara nao wakati mwingine unasumbua. Kilichotuokoa ni kukubaliana mapema kwamba vidio ikikata anapiga simu ya kawaida, ikikata na hiyo ni meseji, kikao hakihesabiwi kimevunjika. Msikubali kuanza bila makubaliano hayo, maana kukatikiwa katikati ya kulia ni kubaya sana.

Kuna anayeniuliza kama wataalamu wa nje wamechunguza hii ya mtandaoni au ni hisia zangu. Wamechunguza. Ujerumani na Sweden kuna tafiti za tiba ya kujinyofoa ngozi inayotolewa kwa intaneti na watu walipungukiwa na dalili. Ila naomba muwe makini na maneno, kupata nafuu sio kupona moja kwa moja, na hali hii ina tabia ya kurudi ukipata msongo, iwe ulitibiwa ofisini au kwenye simu. Ninachokiamini baada ya kupita kote kuwili ni kwamba mtaalamu anayejua njia ya kugeuza mazoea kwa simu ni bora mara nyingi kuliko asiyeijua aliyekaa mita moja kutoka kwako. Niliwahi, kabla ya yule mama wa Iringa, kukaa na mshauri mwingine mwenye moyo mzuri kabisa, tuliongea kuhusu maisha na msamaha, nikitoka najisikia mwepesi, na vidonda vilibaki vilevile kwasababu hakuna siku mkono ulitajwa. Kwahiyo kabla hujalipa muulize moja kwa moja, umewahi kumtibu mtu anayejinyofoa ngozi au kung'oa nywele, na kikao cha kwanza tutafanya nini? Akikujibu tutaangalia ni wakati gani na wapi inatokea, kaa naye. Akikuambia utaacha tu ukijipenda, mshukuru na uendelee kutafuta.

Dawa nazo naulizwa. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2016, watu 66, wiki 12, waliopewa N-asetilisisteini, dawa inayojulikana zaidi kwa kulainisha makohozi, kama 47 kwa kila 100 walipata nafuu kubwa, na waliopewa kidonge kisicho na dawa ilikuwa 19 kwa kila 100. Ni habari njema lakini ni utafiti mdogo, na isiwe sababu ya kwenda duka la dawa na kujinunulia, mwulize daktari hasa kama una pumu, una mimba au unatumia dawa nyingine. Wapo pia wanaopewa dawa za sonona na zinawasaidia hasa pale sonona au wasiwasi upo kweli. Dawa haikai hapa wala pale kwenye mjadala wa simu na ofisi, isipokuwa kwamba wa kukuandikia ni daktari, na mwanasaikolojia wa vidio hakuandikii.

Sasa kuna mambo ambayo simu isikushike kabisa, nenda mwenyewe kwa miguu yako. Kidonda chenye usaha, kinachovimba, chenye joto ukikigusa, au ukipata homa, hiyo ni hospitali leo, na kwa ngozi zetu nyeusi ule wekundu wanaouandika kwenye vitabu hauonekani vizuri, pima kwa joto, uvimbe na maumivu. Kama muwasho ndo unaokuanza, kabla ya yote ngozi ikaguliwe, maana upele, ukurutu, hata sukari vinaweza kukuwasha ukajikuna mpaka ukajiona una ugonjwa huu kumbe ni mwingine, na kamera ya simu usiku haioni upele katikati ya vidole. Kama unahisi kuna wadudu wanatembea chini ya ngozi na ndo unawatoa, hiyo ni hali tofauti na inahitaji daktari wa akili akuone. Na kama umefika mahali unaona bora usiwepo, tafadhali, usisubiri kikao cha Alhamisi, mwambie mtu aliye karibu akupeleke hospitali sasa hivi. Hospitali za rufaa zinapokea watu wenye shida za akili, Iringa ipo, Mbeya ipo ya kanda, hautakuwa wa kwanza wala wa ajabu pale.

Kama ningekuwa nakupangia wewe uliyeko Makambako, Tukuyu, Njombe, Ileje, na uwezo unaruhusu, ningesema anza ana kwa ana vikao vichache. Ngozi ikaguliwe, mkono ushtukiwe na mtu anayekuona mwili mzima, aibu ipungue. Kisha hamia kwenye simu kwa ile kazi ya nyumbani, kioo, taa, kitanda, meza ya kazi, saa zako mbaya. Baadaye urudi ofisini mara mojamoja kuonekana. Kama uwezo ni wa kimoja tu na huna kidonda kibaya wala mawazo ya kufa, chukua simu bila kujisikia umepata pungufu.

Na kwenu mama, dada, waume, maana tiba hii inahitaji mtu mmoja wa nyumbani na kwenye ya simu anahitajika zaidi, mtaalamu akizima vidio ni nyie mnabaki. Msimpige mkono. Msimkague usoni kila asubuhi na kusema leo umezidisha. Kaeni naye mkubaliane neno au ishara moja, iwe yake yeye ameichagua. Mi na dada yangu tunatumia kikombe, akiona mkono umepanda ananisogezea kikombe cha chai nikishike kwa mikono miwili, hasemi kitu, na wageni waliokaa pale wanadhani ananikirimu. Mwanzoni alikuwa ananisogezea vikombe mpaka chai inapoa yote mezani. Siku hizi wakati mwingine nakichukua mwenyewe kabla hajanyoosha mkono.